Usiniambie ni orijino, nionyeshe bati

Wasee, nitasema bila kona nyingi. Nairobi hii hakuna mtu anakuuzia gari ya michezo ya zamani. Unauziwa stori ya jaba yenye magurudumu manne.

Mnazijua hizo stori. Ilikuwa ya balozi, akaiacha hapa akirudi kwao. Ilikuwa ya mzee wa Karen, aliiendesha Jumapili tu, kanisani na kurudi. Daktari fulani aliifungia gereji miaka ishirini, sasa watoto ndio wameamua kuuza. Halafu yanakuja yale maneno matatu: "orijino", "haijaguswa", "nadra". Boneti haifunguliwi. Hakuna anayeinama mlangoni na tochi. Video inapigwa jioni jua likizama, ekzosi inanguruma, mkono wenye saa kubwa unabadilisha gia, mwisho. Na wanaoshika hiyo kamera ni sisi, watu wa kontenti, tukilipwa na muuzaji.

Mwaka huu nimeambiwa mara mbili nifanye video ya gari "bila kuingia sana kwa mambo ya namba". Nikiskia hivyo, najua pa kuanzia.

Kabla hamjanikumbusha: ndiyo, chuo niliacha, na sijawahi kuwa injinia. Lakini kusoma kibati hakutaki digrii. Kunataka tochi, kitambaa cha kufuta grisi, na magoti ya kuinama. Gari imeandikwa mwilini ilizaliwa wapi, kwa soko gani, na mara nyingi mwezi gani. Taa zake zimeandikwa. Vioo vimeandikwa. Tairi zimeandikwa. Mtu anayekuomba mamilioni halafu anakwambia "achana na namba, skia tu injini" anakuomba ufunge macho ukiwa umeshika pochi.

Na msiniambie namba ni ngumu. Nyinyi? Mwambie broka yeyote unatafuta Corolla, swali lake la kwanza ni "NZE ama 110?" Sema Nissan Sunny, atakuuliza kama ni B14 ama B15. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika usukani, anajua NZE ikipita. Sasa mnadhani NZE ni jina la nani? Ni maandishi ya kibati. NZE121: NZ ni familia ya injini, ile 1NZ-FE ya lita 1.5. E ni ukoo wa Corolla. 12 ni kizazi. 1 ya mwisho ni aina ndani ya kizazi. AE110 ni hivyo hivyo, A ikiwa familia nyingine ya injini na 11 kizazi kilichotangulia. Mmekuwa mkisoma misimbo ya Toyota tangu mkiwa na miaka sita, mkidhani ni Sheng.

Basi chukueni ujuzi huo huo mpeleke kwa gari za ndoto zenu. AE86, ile Toyota ndogo ya katuni za Kijapani, ni A, E, 8, 6. Iko na ndugu anaitwa AE85, sura moja, mlango mmoja, lakini injini yake ni ya lita 1.5 ya kamshafti moja. Ukiweka beji mpya na taa za kuinuka, nani atajua? Kibati kitajua. Skyline ya R32 ndiyo noma zaidi. GT-R ya kweli imeandikwa BNR32: injini ya RB26 na nguvu kwa magurudumu yote manne. GTS-t imeandikwa HCR32: injini ya RB20 na nguvu kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Si gari mbaya hata kidogo, mimi ningeichukua leo. Lakini bampa zinauzwa, mabawa yanauzwa, beji ya GT-R inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ukilipa pesa ya B ukapewa H, umeibiwa, hata kama ekzosi ilinguruma vizuri aje.

Hapo kuna mtego wa upande wa pili. Kuna wajuaji ambao wamesoma mahali kwamba kila gari ina VIN ya herufi na namba 17. Wakiona BNR32 na kistari na namba sita, wanapiga kelele kwamba gari ni feki. Tulieni. Gari iliyoundwa kwa soko la Japani lenyewe haibebi ile VIN ya 17, inabeba namba ya fremu, fupi. Ikiwa msee anakuuzia "JDM ya ukweli" ya 1991 halafu chasisi ni ya herufi 17, hapo ndipo maswali yanaanza, kwa sababu hiyo iliundwa kwenda soko lingine.

Sasa niwape kisa kimoja, kwa sababu ndicho kimenifanya niandike.

Jamaa mmoja, umri wangu, alinitumia picha. Yeye na wenzake watatu wako na chama. Wameweka pesa miaka mitatu, wakikodisha gari mbili za kawaida za harusi, na wazo lao halikuwa baya: wanunue gari moja ya zamani yenye jina, waikodishe kwa maharusi na kwa wapiga video. Walikuwa wamepata Datsun 240Z. Rangi ya chungwa, kofia nyeusi, safi. Muuzaji aliwaambia iliuzwa mpya hapa Nairobi mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya 240Z kushinda Safari Rally, na imekaa Kenya maisha yake yote. Bei ilikuwa imepanda kwa sababu ya hiyo sentensi. Dipoziti ilitakiwa Ijumaa.

Na sikilizeni, hiyo sentensi ina uzito. 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Kwa Mkenya anayependa magari, Z iliyokuwa barabara zetu enzi hizo si chuma tu. Ndiyo maana uongo ulichagua kukaa hapo.

Nikamwambia, bro, kabla ya pesa, niletee picha nne. Usimwambie muuzaji ni za nini.

Ya kwanza ilikuwa namba ya usajili. Ilianza na KB. Hapo tu, stori ilikuwa imeshaanza kuchechemea. Gari iliyosajiliwa hapa 1972 ilipewa namba ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mwisho. Bado unaziona kwa Peugeot za wazee ushago. Herufi za KB zilikuja miaka ya 2000. Inawezekana gari ikasajiliwa upya kwa sababu halali, sikatai. Lakini sababu hiyo iko na karatasi, na karatasi ingekuwa ya kwanza kuonyeshwa.

Ya pili ilikuwa namba ya chasisi. Kwa Z imegongwa kwa bati lenyewe, kwa ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Jamaa akafuta vumbi, akapiga picha. HLS30.

Z zilizouzwa nje ya Japani na usukani kulia zinaandikwa HS30. Hiyo L katikati ni ya kushoto. Gari ilizaliwa na usukani kushoto. Leo usukani uko kulia. Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani kulia, na hakuna muuzaji wa Nairobi wa 1972 ambaye angeagiza gari mpya ya usukani kushoto amuuzie mteja wa kawaida.

Ya tatu ilikuwa nguzo ya mlango, upande wa kushoto, ambako leo abiria anakaa. Hapo kulikuwa na kibati kimepakwa rangi ya chungwa pamoja na gari nzima. Fundi wa rangi hakujisumbua kukitoa. Ukiinamisha simu, herufi zinajitokeza chini ya rangi: gari hii inakidhi viwango vya usalama vya magari vya serikali kuu ya Marekani vilivyokuwa vikitumika siku ilipoundwa, na mwezi na mwaka wa kuundwa. Kibati cha aina hiyo hakiwekwi kwa gari ya kwenda Mombasa. Kiliwekwa kiwandani kwa sababu sheria ya Marekani ilikitaka.

Ya nne sikuihitaji tena, lakini aliileta. Kwa dashibodi upande wa kushoto, karibu na kioo, namba ileile ya chasisi kwa kibati kidogo, mahali ambapo polisi wa Marekani anaweza kuisoma akiwa nje. Gari zao zimebeba hiyo tangu mwisho wa miaka ya 60.

Kwa hivyo: Z ya kweli, ndiyo. 240Z ya kweli, ndiyo. Na hata hapa ilibidi tuangalie tarehe ya mlangoni, kwa sababu 280Z ya Marekani, iliyokuja 1975, iliirudia hiyo HLS30, na kuna watu wameivua 280Z bampa zake nene wakaiita 240Z. Lakini gari ya Nairobi 1972? Hapana. Iliundwa kwa Mmarekani, ikafika hapa miaka mingi baadaye, na mahali fulani mtu aliigeuza usukani.

Jamaa akamuuliza muuzaji kwa heshima kabisa. "Boss, mbona mlangoni imeandikwa Marekani?" Akajibiwa, nanukuu kutoka kwa skrinshoti, "kijana kama huna pesa sema". Baadaye akablokiwa. Nilipoangalia mara ya mwisho tangazo lilikuwa bado liko hewani, na maneno "iliuzwa mpya Nairobi" yako palepale. Kuna mtu mwingine ataamini. Pengine ameshaamini.

Najua mtasema, si gari ni gari? Imetoka California ama Nairobi, maharusi watajua aje? Hilo swali linanikasirisha kuliko uongo wenyewe. Kwanza, bei ilikuwa ya Nairobi, si ya California. Pili, kugeuza usukani si kubadilisha kava za viti. Unahamisha reki ya usukani, mpini, pedali, mabomba ya breki, nyaya. Kuna mtu alikata bati na kuchomea. Labda alikuwa fundi mkali sana. Labda alifanya usiku akitumia mabaki. Mnunuzi ana haki ya kujua kuna kazi kama hiyo chini ya dashibodi, ili amlete mtu aikague kabla bibi harusi hajakaa ndani. Muuzaji aliyeficha asili ya gari ameficha na hiyo welding.

Sasa tutoke kwa chasisi twende kwa zile alama ndogo ambazo watu wanazipita kama matangazo ya waganga kwa nguzo za stima.

Angalia taa yoyote, kioo chochote, mshipi wa kiti. Utaona duara na ndani yake E na namba. Hiyo si alama ya ubora wa gari, na si jina la nchi ilikotengenezwa. Mwaka 1958 nchi kadhaa za Ulaya zilikubaliana Geneva, chini ya Umoja wa Mataifa, kwamba kipuri kikishaidhinishwa na nchi moja, zile nyingine zitakikubali. Kila nchi ikapewa namba kwa kadiri ilivyojiunga. E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Kwa hivyo E4 kwa taa maana yake ni kwamba Uholanzi iliiidhinisha. Taa yenyewe inaweza kuwa ilitengenezwa Taiwan. Broka anayekuonyesha E1 na kusema "cheki, ni ya Mjerumani" amekudanganya ama amejidanganya, chagua.

Utamu uko hapa. Japani ilijiunga mwaka 1998 na namba yake ni E43. Afrika Kusini ni E47, ilijiunga baada ya hapo. Sasa msee anakuuzia RX-7 ya 1992, "kila kitu orijino kutoka kiwandani", na taa imeandikwa E43. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Hiyo alama haikuwepo 1992. Taa ilibadilishwa. Si kosa kubadilisha taa! Taa huvunjika. Kosa ni neno "kila kitu".

Na msichanganye hiyo E ya duara na ile E ya Japani. Kwa karatasi za mnada za Kijapani utaona E-FD3S ama E-BNR32. Hiyo E ya mbele ni ya sheria yao ya moshi ya 1978, na haina uhusiano wowote na Ulaya. Zile za mwisho wa miaka ya 90 zinaanza na GF badala ya E. Nimeona mtu mzima akimweleza mteja kwamba E-FD3S ni "toleo la Europe". Kwa sauti kubwa. Kwa kujiamini.

Sasa taa zenyewe, na hapa naomba hata wale wasiojali magari ya zamani wakae kidogo. Mnajua ile hasira ya kuendesha Mombasa Road usiku, mtu anakuja mbele amedim lakini bado unapofuka? Si kila wakati ni balbu za bei rahisi. Taa ya mbele imeundwa kwa upande wa barabara. Ikidim, inamulika zaidi upande wa watembea kwa miguu na inakata mwanga upande wa gari zinazokuja. Taa ya nchi zinazoendesha kulia inafanya kinyume cha yetu: inamulika moja kwa moja machoni pa anayekuja. Na imeandikwa. Kwa taa yenye alama ya E, simama mbele ya gari uiangalie: taa ya nchi kama yetu ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, yaani kushoto kwa gari. Mshale wenye vichwa viwili maana yake taa inaweza kuwekwa kwa pande zote. Hakuna mshale kabisa, hiyo ni ya wanaoendesha kulia. Watu wanaagiza taa "za Europe" kwa gari za michezo kwa sababu ni nzuri kwa picha, hawaangalii mshale, halafu wanakuja kutupofusha. Mshale wa sentimita moja. Hauna bei.

Vioo pia vinaongea. 43R karibu na E ni kanuni ya vioo vya usalama. Kwa vioo vya soko la Marekani utaona AS1 na AS2, na kioo cha mbele kinatakiwa kuwa AS1. Ukikuta AS2 mbele, mtu alikata kioo cha mahali pengine akakibandika hapo, na usiku ambao jiwe litakipiga hutapenda matokeo. Na kwa Kenya tuko na alama yetu wenyewe ambayo hakuna kitabu cha kizungu kinaieleza: tunachora namba ya usajili kwa vioo, taa na saidi mira, ili wezi wasiviuze kirahisi. Basi soma! Mlango wa kushoto ukiwa umechorwa namba moja na wa kulia namba nyingine, hujaona kosa la mchoraji. Umeona gari mbili.

Tairi nitazipitia haraka kwa sababu hii nimeshaisema mpaka nikachoka. Mwisho wa ile mistari ya DOT kuna tarakimu nne. 2309 ni wiki ya 23, mwaka 2009. Zikiwa tatu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000 na inafaa kuwa makumbusho. Gari za zamani hukaa sana na kutembea kidogo, kwa hivyo tairi inabaki na meno mazuri huku mpira umekauka kama biskuti. Meno mazuri si tairi nzuri. Ukienda kasi na hiyo tairi bypass, umejiua na aliyekuwa kiti cha kando.

Sasa kuna kundi lingine nataka kulijibu, na hawa si mabroka. Ni wale wa vilabu, wale wa kahawa ya Jumapili asubuhi, wanaojua haya yote na wanayafunga kama siri ya ukoo. Wakikuona na maswali wanacheka: "kijana, hizi si gari zako." Africa Concours d'Elegance imekuwa ikifanyika Nairobi tangu 1970, na nimeenda, na ni maonyesho mazuri, gari zimeng'arishwa mpaka chini ya boneti. Sina shida na mtu kupenda gari yake. Shida yangu ni kugeuza maarifa kuwa geti. Hao hao wakiona Z yenye kioo kilichobadilishwa wanatema mate, eti si orijino. Mimi sitaki tufike huko. Gari ya miaka hamsini ambayo haijabadilishwa kitu ni ya makumbusho ama ni uongo. Kusoma namba si kutafuta dhambi za gari. Z ya yule jamaa ingeuzwa kwa bei yake ya haki, "240Z ya soko la Marekani, imegeuzwa usukani, hizi hapa picha za kazi", ningewaambia chukueni.

Na kuna wale wa "lakini logbuku iko safi". Skia, logbuku ni karatasi ya nani anamiliki gari. Si wasifu wake. Piga search ya gari, na ni lazima uifanye, utapata namba ya chasisi. Vizuri. Sasa shuka chini ulinganishe na bati, tarakimu kwa tarakimu. Karatasi haiwezi kukwambia usukani ulihamishwa ama taa ni za nchi gani.

Hata wakubwa hudanganyika na karatasi. Marekani, mwisho wa miaka ya 90, kampuni moja ya California iliyoitwa MotoRex ilipata idhini ya serikali ya kuingiza Skyline. Watu wakanunua R32, R33, hata R34, zote zikiwa na makaratasi ya kupendeza. Mwaka 2005 na 2006 mambo yakabomoka: mamlaka yao ya usalama wa barabara ikabaki kusema ni R33 za 1996 mpaka 1998 tu ndizo zilizostahili. Walionunua nyingine wakabaki wameshika gari na wasiwasi. Karatasi ilisema sawa, gari zenyewe hazikuwa zimefanyiwa kilichosemwa.

Na kwetu sheria inafanya haya yawe muhimu zaidi. Marekani, gari ikifikisha miaka 25 inaachiliwa kutoka kwa vile viwango vya usalama wanapoiingiza, ndiyo maana bei ya R32 ilipaa kuanzia 2014. Kenya ni kinyume. Kiwango chetu, KS 1515, kinazuia gari ya kawaida ikizidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia. Maana yake Skyline ya 1992 ikiwa iliingia kwa mlango wa kawaida, ilifika hapa kitambo, mwaka 2000 ama kabla. Sasa muuzaji anayekwambia "imetoka Japan mwaka jana, haijawahi kutumika Kenya" ana jambo la kueleza, na si kwako tu. Muulize iliingiaje. Mwenye jibu halali atakuonyesha bila kukasirika, maana alisumbuka kulipata na analionea fahari.

Kuanzia sasa kwa ukurasa huu, gari ya zamani haipati video kutoka kwangu bila picha za vitu hivi: namba ya chasisi kwa bati, si kwa karatasi. Kibati cha mlangoni, na kama hakipo, matundu ya riveti pale kilipokuwa. Alama za taa zote mbili za mbele. Kona ya kila kioo. Tarakimu za mwisho za tairi zote, pamoja na ile ya akiba, maana akiba ndiyo husahaulika na ndiyo husema umri. Nitaziweka hadharani kabla ya sauti ya ekzosi. Wauzaji wawili wameshajiondoa, na mmoja alikuwa anipe pesa ya kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Yule jamaa wa chama na wenzake bado wanatafuta. Wiki iliyopita walienda Nakuru kuangalia gari nyingine, na kabla hata ya kumsalimia muuzaji vizuri, mmoja wao alikuwa ameshalala chini na tochi.